Mwaridi wa Kutambaa Hauogopi Jua la Dodoma

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na hasa baada ya mji huo kupandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, mapori ya miiba yaliyouzunguka yamegeuka mitaa. Nyumba za mitaa hiyo hazifanani paa wala rangi, lakini karibu zote zina ukuta wa tofali za saruji uliopita kimo cha mtu. Ukuta huo hufyonza joto kutwa nzima, kisha hulirudisha uani jioni, saa ambazo watu wametoka nje kutafuta upepo. Mwenye nyumba hupanda bogenvilia au safu ya miashoki, akaridhika. Ukimwuliza kwa nini hakupanda mwaridi wa kutambaa, atakuambia waridi ni ua la Lushoto na Arusha, la kwenye ukungu na baridi, na kwamba huku Ugogoni halitamaliza kiangazi kimoja.

Sikubaliani na jibu hilo. Ni kweli miwaridi mingi hufa Dodoma, lakini mingi hufa kwa sababu ilichaguliwa vibaya na kulelewa vibaya, na ukame hubebeshwa lawama ambayo si yake peke yake. Hata ile isiyokufa, iliyosimama ukutani miaka mitatu bila kutoa ua la maana, tatizo lake mara nyingi halitibiwi na maji.

Tuanze na hewa yenyewe. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hupata mvua ya milimita kati ya 550 na 600 kwa mwaka wa kawaida, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu, na kwa mwaridi ukavu huo wa hewani ni neema kubwa. Ugonjwa unaowaumiza wapenda waridi kuliko mwingine wowote ni madoa meusi, ukungu unaolipukutisha jani kabla ya wakati wake. Mbegu za ukungu huo haziwezi kuingia kwenye jani mpaka jani libaki na majimaji kwa muda wa saa saba hivi mfululizo. Tanga, Dar es Salaam na Mombasa jani hulala na unyevu na kuamka nao. Dodoma, Singida na Shinyanga, au kwa majirani zetu wa Makueni na Kitui, jani lililolowa umande alfajiri limeshakauka kabla ya chai ya saa nne. Mtu wa Pwani anapigana na hewa, na hewa haibadilishwi. Wa bara kavu anapigana na udongo na maji, ambavyo mkono wa binadamu unavifikia.

Kinachofuata ni uchaguzi, na hapo ndipo wengi hupotelea. Miwaridi yote ya mwituni duniani asili yake ni kaskazini mwa ikweta. Afrika kusini mwa Sahara ina mmoja tu ulio wake wa asili, Rosa abyssinica, unaoota kwenye nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea na sehemu za Somalia, kisha ukavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen. Nao ni mwaridi wa kutambaa: hukwea juu ya vichaka kwa miiba yake na kutoa maua meupe yenye harufu. Ila haukushuka hadi kwetu. Kwa hiyo kila mwaridi tulio nao uliletwa, na tabia yake inafuata mahali ulikotoka.

Miwaridi ya Ulaya ya kale ilizoea kusubiri majira ya baridi. Baridi ikipita, hufungua maua yake mara moja kwa mwaka, basi. Ukiupanda mwaridi wa namna hiyo mahali ambapo hata usiku wa Julai joto halishuki sana chini ya nyuzi 13, utaona majani mengi na fito ndefu, na maua ya kuhesabu. Miwaridi mingi ya bustani ya China haina subira hiyo. Kila chipukizi jipya likipata maji na jua humalizikia kwenye ua, iwe Machi au Septemba. Miwaridi mizuri ya kutambaa kwa nchi zenye joto karibu yote ina damu ya China ndani yake.

Mwanzoni mwa karne ya 19, mkulima wa mpunga aitwaye John Champneys, wa Charleston katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, alipata mche uliotokana na mwaridi wa miski na mwaridi wa pinki wa China. Mche ule ulirefuka kama mzazi wa kwanza na ukarudiarudia kuchanua kama wa pili. Jirani yake Mfaransa, Philippe Noisette, aliotesha mbegu zake na kumpelekea ndugu yake Louis kule Paris, na kwa jina lao ukoo mzima wa miwaridi ya kutambaa ukaitwa Noisette. Baadaye ukachanganywa na miwaridi ya chai, ambayo nayo ina asili ya China, zikapatikana aina kama Lamarque nyeupe ya mwaka 1830, Maréchal Niel ya njano ya mwaka 1864 na Crépuscule yenye rangi ya embe bivu ya mwaka 1904. Vitabu vya Uingereza huziandika kwa huruma: eti ni dhaifu, zinaumizwa na barafu, nyingine zafaa kuwekwa ndani ya nyumba za vioo. Msomaji wa Dodoma akikutana na sentensi ya namna hiyo aisome kinyume. Mwaridi ulioshindwa na baridi ya London ndio wa kuutafuta.

Waaustralia walilielewa jambo hili mapema. Alister Clark, aliyezaliwa mwaka 1864 na kufariki mwaka 1949, alikuwa na shamba liitwalo Glenara nje kidogo ya Melbourne. Alichoshwa na miwaridi iliyozalishwa kwa ajili ya mvua za Ulaya, akaanza kuzalisha ya kwake akitumia Rosa gigantea, mwaridi mkubwa wa misitu ya Burma, kusini-magharibi mwa China na kaskazini-mashariki mwa India, unaoweza kupanda mti wa mita 15 na zaidi. Lorraine Lee aliyoitoa mwaka 1924 na Nancy Hayward ya mwaka 1937 zilienea katika bustani za Australia na zingali zikipendwa, kwa sababu zinastahimili kiangazi na huchanua hata majira yao ya baridi. Huko Kodaikanal, kusini mwa India, Viru Viraraghavan na mkewe Girija wameifanya kazi hiyohiyo kwa miongo mingi, wakitumia mwaridi uleule kutafuta aina zinazofaa nchi za joto. Kazi yao naiheshimu kuliko ya kampuni kubwa za Ulaya, maana wao wameanza na hali ya hewa ya mkulima, wakamfuatishia ua.

Na mwenye kuamini bado kwamba ukavu wenyewe ndio unaoua mwaridi wa kutambaa, atazame Tombstone, mji wa zamani wa machimbo ya fedha katika jangwa la Arizona. Mwaka 1885 ulipandwa hapo mche uliotoka Scotland, wa mwaridi mweupe uitwao Lady Banks, ambao asili yake ni China na usio na miiba ya kutajika. Mche ule bado uko hai. Shina lake moja limekuwa gogo, na matawi yake, yaliyolazwa juu ya chanja ya nguzo, yamefunika zaidi ya mita za mraba 700. Watu hukaa chini yake kama chini ya paa. Simwahidi mtu wa Dodoma maua kama yale, kwa kuwa Lady Banks huchanua mara moja baada ya baridi, na usiku wa Tombstone hufikia kuganda, jambo ambalo Dodoma haina. Nautaja kwa sababu ya uhai wake. Jangwa halikuuua, na chanja iliyolala juu ya nguzo imeupa nafasi ya kuwa mpana hivyo.

Sasa ukuta. Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa kwa watu wa kaskazini, na huwaelekeza wapande mwaridi kwenye ukuta unaotazama kusini ili upate jua. Ushauri huo ukiufuata Dodoma umejipotosha. Mji uko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na miezi mitano inayobaki huhamia kusini. Ukuta unaotazama kaskazini ndio unaopigwa jua la mchana miezi mingi, tena miezi mikavu. Ukuta wa magharibi ni mbaya zaidi: hupokea jua la saa nane hadi saa kumi na moja, wakati hewa imeshachemka, na tumba huungua kingo kabla ya kufunguka.

Kama hiari ni yangu, nachagua ukuta unaotazama mashariki. Mwaridi upate jua kamili kuanzia asubuhi hadi saa saba, kisha kivuli cha ukuta wenyewe kiufunike. Ubaya wake ni upepo. Upepo wa Dodoma wa kuanzia Juni hadi Oktoba huvuma hasa kutoka mashariki na kusini-mashariki, na hunyonya sana maji ya jani. Pandeni mlonge au mti mwingine mwembamba hatua chache mbele yake, ukate makali ya upepo bila kuziba jua. Hata bila mti huo, bado nautaka ukuta wa mashariki kuliko wa magharibi.

Shimo lisichimbwe kwenye msingi wa ukuta. Pale pamejaa mabaki ya saruji na chokaa, na mizizi iliyo kwenye udongo wa chokaa hushindwa kupata madini ya chuma hata kama yamo. Dalili yake ni jani changa kuwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Sogea nusu mita hadi sentimita 60 kutoka ukutani. Shimo liwe la sentimita 60 kila upande na kina hichohicho, na tabaka gumu la chini lipasuliwe kwa sururu. Samadi iwe iliyooza kabisa, debe mbili, ichanganywe na udongo wa juu. Samadi mbichi ya mbuzi ina chumvi na joto la kuunguza mizizi michanga. Uso wa shimo ubaki chini ya usawa wa ua kwa kiganja kimoja, kama kisahani cha kuzuia maji yasitoroke. Wakati wa kupanda ni Desemba, mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, ili mizizi ipate miezi minne ya kwenda chini kabla ya kiangazi. Na mche mchanga uzungushiwe miiba, kwa sababu mbuzi hupenda jani la mwaridi kuliko karibu jani jingine lolote.

Nimefika kwenye jambo lenye uzito kuliko yote. Mwaridi wa kutambaa hautambai kwa nguvu zake. Hauna vikonyo vya kujisokotea kama vya mzabibu wala mizizi ya kung'ang'ania ukutani. Una fito ndefu na miiba iliyopinda kuelekea chini, na mwituni hujiegemeza juu ya miti ya wengine. Ufito ukiachwa usimame wima, ncha yake hutawala. Kutoka kwenye ncha hiyo huteremka kichocheo kinachoyazuia macho ya chini yasichipue, na chakula chote hupanda juu. Matokeo yake tunayajua sote: mashina matupu yenye miiba huku chini, na maua matatu manne juu ya ukuta yakimtazama jirani. Mwenye bustani akikasirika akaukata juu, unatoa ufito mwingine wima na kurudia yaleyale.

Ufito huohuo ukilazwa sambamba na ardhi, au ukipindishwa kwa mshazari, utawala wa ncha huvunjika. Kila jicho urefu wake wote hupata ruhusa ya kuchipua, na kila chipukizi huja na maua. Ufito wa mita tatu uliokuwa na maua matatu huweza kuyatoa kila baada ya sentimita chache. Hakuna mbolea itakayofanya hivyo.

Watu wa Dodoma hawana sababu ya kukosa ujuzi huu, kwa maana mkoa wao unajulikana kwa mzabibu. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anajua kuutandaza mzabibu kwenye nguzo na waya, anajua kuhesabu macho kabla ya kukata, na kwa kupogoa kwa wakati hupata mavuno mawili kwa mwaka. Ninachoomba ni mkono huohuo uletwe kwenye ukuta wa nyumba. Pigeni misumari mirefu au vyuma ukutani, mtandaze waya wa mabati kwa mistari ya sentimita 40, na waya ukae mbali na ukuta kwa sentimita 10 ili hewa ipite nyuma ya majani na joto la saruji lisiyaoke. Fito zifungwe zikiwa changa, bado zinapinda, maana zikishakomaa huvunjika. Fungeni kwa kamba ya katani au vipande vya khanga kuukuu, kwa mzunguko wa umbo la namba 8, usiokaza. Waya usiguse ufito kamwe. Mchana hupata moto ukauchoma.

Miaka miwili ya kwanza mkasi upumzike. Ondoeni kilichokufa tu, uacheni mwaridi ujenge fito zake kuu nne au tano. Tabia ya kuunyoa kila mwezi kama michongoma ya uzio ndiyo inayonyima kaya nyingi maua, kwa sababu kinachokatwa ni ufito uleule ambao ungechanua. Kuanzia mwaka wa tatu, vitawi vilivyokwisha kuchanua vifupishwe vibaki na macho mawili au matatu, na ufito mmoja mzee kuliko wote utolewe chini kabisa kumpisha mwingine. Kazi hiyo naipendekeza Julai, mwezi wa baridi wa Dodoma. Kwa kuwa hatuna barafu ya kuulaza mwaridi, tunaulaza wenyewe: maji yapunguzwe wiki tatu hivi kabla ya kupogoa, kisha yarudishwe kwa wingi.

Maji yenyewe si mengi kama watu wanavyohofu. Mche mpya unahitaji ndoo moja ya lita 20 kila siku ya tatu katika kiangazi chake cha kwanza. Mwaridi uliokomaa hupata ndoo mbili au tatu mara moja kwa wiki, zikimwagwa taratibu asubuhi mapema. Kikombe kimoja kila jioni ni hasara: hulowesha uso tu, mizizi ikapanda juu kuyafuata maji, na siku bomba likikatika hufa yote. Juu ya kisahani tandazeni maganda ya karanga au nyasi kavu kwa unene wa kiganja, mkiacha nafasi wazi kuzunguka shina, kwani matandazo yakigusa shina mchwa huyafanya ngazi.

Chumvi inanitia wasiwasi kuliko upungufu wa maji. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na mwaridi hauivumilii sana. Kingo za jani huungua zikawa kahawia, watu wakadhani ni kiu, wakaongeza maji yaleyale. Mwenye kisima cha chumvi akinge maji ya mvua kwenye simtanki ayatumie kwa mwaridi, na mara moja kwa mwezi amwage maji mengi kwa pamoja ili chumvi iliyokusanyika izame chini ya mizizi. Maji ya kufulia yenye povu yasimwagwe hapo. Sabuni huacha magadi ardhini. Maji ya suuza ya mwisho hayana neno.

Wadudu nitawataja kwa ufupi. Adui wa kiangazi ni utitiri, mdogo kiasi cha kutoonekana vizuri, akaaye chini ya jani na kulifanya lififie kama limefunikwa vumbi. Vumbi humsaidia, dawa kali humsaidia zaidi kwa sababu huua wadudu wanaomla. Mpira wa maji wenye msukumo, ukielekezwa chini ya majani asubuhi, mara mbili kwa wiki, hutosha kwa bustani ya nyumbani. Ubwiri unga huweza kutokea Mei na Juni, usiku ukiwa na ubaridi. Hewa inayopita nyuma ya waya huupunguza.

Limebaki suala la kupata mche. Miche mingi inayouzwa kwenye viriba kando ya barabara haina jina, na mingine ni ya ukoo wa maua ya kukata yanayolimwa Arusha na Naivasha, mizuri ndani ya chombo lakini isiyojua kutambaa. Muuzaji akisema ni wa kutambaa, mwombeni awaonyeshe mmea mama uliozaa mche huo. Mwaridi wa kweli wa kutambaa hutoa fito zilizozidi mita mbili, laini, zinazolala zenyewe.

Ila ningetafuta kwanza mahali pengine. Miaka ya 1980, wapenzi wa maua wa Texas walianza kuzunguka makaburini na kwenye mashamba yaliyohamwa wakitafuta miwaridi iliyoishi miaka mingi bila kumwagiliwa na mtu. Walichukua vipande, wakaviotesha, na kutokana na msako huo aina nyingi za kale zikarudi kwenye vitalu. Mantiki yao inafaa kila nchi kavu: mwaridi uliopona kiangazi kwa miongo mitatu bila uangalizi hauhitaji cheti kingine. Kwetu, mahali pa kupeleleza ni nyua za misheni za zamani, nyumba kongwe za watumishi, shule na vituo vya reli ya kati. Palipo na mwaridi mzee unaochanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, ombeni ruhusa ya kukata.

Kipande kiwe kimetoka kwenye kitawi kilichomaliza kuchanua karibuni, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20, chenye macho manne. Majani ya chini yaondolewe, mawili ya juu yabaki. Kizikwe hadi nusu katika mchanga uliochanganywa na mboji, ndani ya kiriba, na kufunikwa na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kivulini. Baada ya wiki sita hadi nane mizizi huwa imeshika. Vipande vilivyokatwa Mei au Juni huwa na umri wa kuhamishwa mvua za Desemba zinapoanza, na chomekeni vingi kuliko mnavyohitaji, maana si vyote hushika.